Mikono Misafi ya Fundi Pampu

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lusaka au Lubumbashi hufika Tunduma likiwa limemaliza zaidi ya kilomita 900 za lami. Mgeni anayeshuka mjini hapo huyaona malori kwanza: foleni inayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, matingo wanaokaza maturubai, madereva wanaokunywa chai kando ya matairi. Lakini mkoa wa Songwe wenyewe unaendeshwa na gari dogo zaidi. Kahawa ya Mbozi, mahindi ya Momba, saruji ya msingi wa nyumba Vwawa, mgonjwa anayewahishwa hospitali kutoka kijiji cha Ileje, vyote hupanda nyuma ya pikapu ya dizeli, mara nyingi Hilux au Land Cruiser iliyokwisha kula chumvi nyingi. Pikapu hiyo ikilala, mzigo nao unalala. Na katika maradhi yanayoilaza, hakuna linaloumiza mfuko kama kufa kwa pampu ya mafuta.

Ndiyo maana fundi pampu anastahili sifa zake peke yake. Gereji hujaa kelele za nyundo, za mashine ya kuchomelea na za injini zinazojaribiwa, lakini yeye hutafuta kona yenye utulivu, mbali na upepo wa barabarani. Meza yake haina vumbi. Vifaa vyake vimepangwa kwa mstari. Kabla hajafungua skrubu moja, ameosha pampu nje mpaka rangi ya chuma imeonekana, kisha ameosha mikono. Mteja mwenye haraka anaweza kudhani huko ni kujichelewesha. Kumbe kazi yenyewe imeshaanza.

Historia inamuunga mkono. Rudolf Diesel alipofanikiwa kuwasha injini yake ya kutegemewa huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alisukuma mafuta ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa. Mtambo wa kushindilia hewa hiyo ulikuwa mkubwa na mzito, kwa hiyo injini yake ilifaa kiwandani na melini, si kwenye gari. Miaka thelathini ilipita kabla karakana ya Robert Bosch haijaanza, mwaka 1927, kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwa nguvu ya chuma tupu. Pampu hiyo ndiyo iliyoitoa dizeli kiwandani ikaileta barabarani.

Ndani ya Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani mna pampu ya aina ya mzunguko. Pistoni moja ndogo huzunguka na wakati huohuo husogea mbele na kurudi nyuma, ikigawa mafuta kwa kila silinda kwa zamu yake, ziwe nne au sita. Nafasi kati ya pistoni hiyo na tundu lake ni sehemu mbili hadi nne tu za elfu moja ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara kumi. Hakuna mpira wala sili inayozuia mafuta yasivuje hapo. Kinachozuia ni usahihi wa chuma kwa chuma.

Tena pampu ya namna hiyo haina oili yake. Sehemu zake zote za ndani hulainishwa na dizeli ileile inayopita kwenda kuungua. Hapo ndipo ufundi wote ulipojificha: kinywaji cha pampu ndicho dawa yake, na kikichafuka huwa sumu yake. Maji hayana utelezi wa mafuta, kwa hiyo chuma husagana na chuma, kisha kutu huingia usiku gari likiwa limezimwa. Vumbi hukwangua. Upepo ukiingia kwenye mpira uliochanika, pampu husukuma mapovu badala ya mafuta na kukauka ikiwa kazini. Mafuta ya taa ni mepesi mno, na dizeli iliyochanganywa nayo haiwezi kulinda nafasi nyembamba kiasi hicho.

Barabara ya Tunduma inayajua mafuta kwa historia ndefu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kawaida ya kupata mafuta. Mapipa yakapakiwa kwenye malori kutoka pwani ya Tanganyika ya zamani, yakapita Tunduma kwa barabara ya vumbi na tope iliyoua watu wengi kiasi cha kuitwa njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 lilianza kupeleka mafuta Ndola, na tangu 2023 limegeuzwa kusafirisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Kwa hiyo dizeli inavuka mpaka chini ya ardhi bila kuguswa na mkono. Ile inayoishia kijijini, kwenye mabonde ya Momba yanayoteremka kuelekea Ziwa Rukwa, bado husafiri kwa madumu: hutiwa sheli, huhamishiwa kwenye pipa, huchotwa kwa mpira, hupimwa kwa chupa. Kila chombo huongeza uchafu wake.

Upo pia uchafu wa makusudi. Uchakachuaji ulisumbua nchi nzima hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini ili yaliyochanganywa yatambulike. Mwaka uliofuata serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, bei yake ikaisogelea ya dizeli, na faida ya kuchanganya ikapungua. Hatua hizo zilijadiliwa bungeni kama suala la kodi, lakini mafundi pampu walikuwa wameshayaona madhara mezani kwao, katika pistoni zilizopoteza mng'ao.

Fundi mzuri hafungui pampu kwa kukisia. Kwanza huchukua chupa ya kioo, hutoa mafuta chini ya filta na kuyaacha yatulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini na mstari unaoyatenga huonekana wazi; mafuta yaliyofifia kama ukungu yana maji yaliyovurugika ndani yake. Kisha hufunga mpira mweupe unaoonyesha ndani kwenye njia ya kuingilia pampu, huwasha injini na kutazama. Mapovu yakipita, kosa liko nyuma: kwenye mpira, kwenye filta au kwenye klipu iliyolegea, na pampu haina hatia.

Lipo jaribio jingine linaloonyesha akili ya ufundi huu. Pikapu inawaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto na kuzimwa inagoma kuwaka. Fundi huchukua kitambaa chenye maji, hukilaza juu ya pampu, husubiri ipoe, kisha huwasha. Injini ikikubali, amepata jibu: pistoni na kichwa cha pampu vimelika. Dizeli ikiwa ya moto huwa nyepesi na kuvujia kwenye nafasi iliyopanuka. Ikipoa hurudisha uzito, msukumo unapatikana. Kwa tambara na maji ya bure amepima kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Hata kushusha pampu kuna adabu yake. Hupiga alama kwenye mwili wa pampu na mahali ilipofungwa, kwa sababu ikirudi imezunguka kidogo tu, majira ya mafuta hubadilika: injini itagonga, au itatoa moshi mweupe na kukosa nguvu mlimani. Kila mdomo wa bomba huzibwa mara tu unapofunguliwa. Pampu ikishafungwa upya hupandishwa kwenye mashine ya kupimia, na mafuta yanayotoka kwa kila silinda hulinganishwa hadi yawe sawa.

Pikapu mpya zimeongeza uzito wa somo hilo. Injini za Toyota za aina ya 1KD na 2KD, zilizofungwa kwenye Hilux ya mwaka 2005, husukuma mafuta kwenye reli moja ya pamoja kwa msukumo unaozidi bar 1,000, ilhali tairi la gari dogo hujazwa bar mbili au tatu. Kompyuta huamua kila tone. Pampu ya mfumo huo ikianza kusagika, chembe za chuma husambaa kwenye reli, kwenye nozeli na hadi kwenye tangi kupitia njia ya marejeo. Kubadilisha pampu peke yake hapo hakusaidii. Mfumo mzima lazima usafishwe.

Hata Marekani wamelipia somo hilo. Kuanzia 2011 kampuni kubwa za magari za huko zilifunga pampu ya Bosch CP4 kwenye pikapu zao za dizeli. Kiwango cha Marekani kinaruhusu dizeli yenye utelezi mdogo kuliko ile ya Ulaya, na wamiliki waliofungua kesi walidai pampu hiyo haikuifaa dizeli yao. Ndani yake kuna gurudumu dogo linalokimbia juu ya chuma kinachozunguka. Likigeuka upande, hukwangua na kumwaga vipande vya chuma katika mfumo wote. General Motors iliachana nayo kwenye injini yake ya 2017 na kuchukua pampu ya Denso. Maduka ya huko sasa huuza vifaa vya kuzuia maafa hayo, ambavyo kazi yake kubwa ni kuyaelekeza mafuta ya marejeo yapite kwenye filta kabla ya kufika kwenye nozeli. Fundi wa Tunduma anayesisitiza filta safi anasema jambo lilelile walilofikia wahandisi hao.

Masharti yake kwa mwenye gari ni machache. Tangi lisilale nusu wakati wa baridi ya Juni na Julai kwenye nyanda za Mbozi, maana hewa iliyobaki juu ya mafuta hupoa usiku na kutoa matone ya maji. Maji yakikaa, vijidudu huota kati yake na dizeli na kuacha utelezi mweusi unaoziba filta. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, gari lisimame na maji yatolewe. Mafuta ya dumu yapite kwenye kitambaa safi, na ya chini ya dumu yabaki humo humo. Filta iwe halisi, ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwa vumbi la Septemba. Filta mpya isijazwe kwa kumimina mafuta katikati, upande ambao umeshapita chujio. Pampu ya mkono ipo kwa kazi hiyo. Na gari lisiachwe likakauka mafuta njiani kwa kutegemea sheli iliyo mbele.

Ufundi huu ni elimu: una vipimo, una fizikia, una nidhamu ya usafi inayokaribia ya chumba cha upasuaji. Wengi wanaoujua waliupata kwa kusimama miaka mingi kando ya fundi mkubwa, na vyuo vya VETA vingefanya vyema kuwaita mafundi hao wafundishe, kwa meza za kupimia na kwa vyeti vinavyotambua walichonacho tayari. Wenye magari nao wanapaswa kubadilisha namna wanavyolipa. Pampu ikifa, mteja hulipa mamilioni bila kubisha. Fundi akitoa maji kwenye filta na kukaza klipu moja, analipwa nauli ya bodaboda au asante. Anayeondoka Tunduma wiki hii na mzigo wa kwenda Ileje au Kamsamba apite kwanza gereji, amwombe fundi atoe mafuta ya chini ya filta kwenye chupa ya kioo, ayatazame kwa macho yake mwenyewe, na amlipe fundi kwa heshima hata kama chupa imeonyesha dizeli safi tupu.