Wati 3000 zinakaa wapi? Kabla hujanunua spika ya shughuli ya uani

Msomaji, kama umewahi kupita madukani wakati malipo ya korosho yameingia, iwe Nanyamba, Tandahimba au Mtwara mjini, hizi spika unazijua. Zina magurudumu, mpini wa kuvutia, taa za rangi, maiki ndani ya boksi, na ubavuni namba kubwa: wati 3000, PMPO. Mjomba alinunua moja ya namna hiyo kwa ajili ya shughuli ya kumtoa mwali, mdogo wangu wa kike, nyumbani kwetu Nanyamba. Watu kama sitini, uani, mikeka chini ya mwembe. Mziki ukapiga, watoto wakacheza, kila mtu akasifia.

Kisha bibi akashika maiki amuusie mjukuu wake mbele ya watu. Mkeka wa kwanza walisikia. Mkeka wa tatu walisikia "vuuu, vuuu". Alipomaliza, vigelegele vikapigwa kwa adabu tu, maana wengi hawakupata hata neno. Haikupita muda betri nayo ikalala. Jumla ilikuwa imefanya kazi saa mbili.

Sasa, spika ile haikuwa mbovu. Mpaka leo inapiga. Kosa lilikuwa letu: tulichagua kwa kufuata namba ambayo haipimi kile tulichokihitaji. Tuichambue namba hiyo.

Betri haidanganyi

Nyuma ya spika, betri yake imeandikwa volti 12, ampea-saa 4.5. Zidisha: 12 × 4.5 = wati-saa 54. Hiyo ndiyo nishati yote iliyomo. Kama spika ingetumia wati 3000 kweli, betri ingeisha kwa sekunde 65 hivi, hata wimbo mmoja usingefika kiitikio. Lakini ilidumu saa mbili. Gawa 54 kwa 2, unapata wastani wa wati 27, na humo zimo taa za disko na joto linalopotea.

Utasema: "Lakini mziki una vilele." Kweli. Ngoma ikipigwa pwaa, kwa kitambo kidogo sana spika inaweza kuvuta zaidi ya wastani wake. PMPO inajinadi kwa kitambo hicho, na kila mtengenezaji anaikokotoa anavyotaka. Namba yenye maana zaidi ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo. Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani waliweka kanuni ya kutangaza nguvu za vikuza sauti vya nyumbani mwaka 1974, na mwaka 2024 wakairekebisha ili vipimo vifanyike kwa masharti yanayofanana, mnunuzi aweze kulinganisha.

Na hata wati za kweli hazisemi yote. Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo spika ya wati 60 haikupi "mara mbili" ya ile ya wati 30. Zaidi ya hapo, spika nyingi hugeuza sehemu ndogo tu ya umeme kuwa sauti, nyingine yote ni joto. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, inailingana ile ya desibeli 84 iliyopewa umeme mara nne. Ukiikuta namba hiyo kwenye karatasi ya maelezo, isome kabla ya wati.

Dukani si uani

Muuzaji alituwashia ndani ya duka. Kuta nne za tofali, sakafu ya saruji, dari ya bati. Sauti inagonga na kurudi, besi inajaa, kifua kinatetemeka. Nani asingetoa hela? Uani hakuna kuta hizo. Sauti inaondoka, hairudi.

Nje, kila ukizidisha umbali mara mbili, unapoteza desibeli 6 hivi. Chukua spika inayotoa desibeli 90 kwenye mita 1. Mita 2 ni 84, mita 4 ni 78, mita 8 ni 72, mita 16 ni 66. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili wanaokaribiana ni kama 60, na kundi zima likianza kupiga soga hupanda zaidi. Mtu wa mita 16 anashindana na jirani yake aliyekaa naye mkeka mmoja. Bibi hakuwa na nafasi.

Ukiongeza sauti kwa ajili ya wa nyuma, unawaumiza wa mbele, na hao huwa ni watoto. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu. Zikifika 100, ni dakika 20. Mtoto aliyeegemea spika usiku kucha anatumia akiba ya masikio ambayo hairudishwi.

Tulinunua besi, tukahitaji maneno

Haya ndiyo malalamiko yangu makubwa. Spika hizi zimetengenezwa zivutie kwa besi, mitetemo ya kama hezi 60 hadi 120. Lakini maneno tunayaelewa zaidi kati ya hezi 500 na 4000. Besi ikizidi, inafunika maneno. Na sauti hizo za juu huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi: spika ikiwa chini, migongo ya watu wa mbele inazizima.

Shughuli ya uani kwetu haikosi mtu wa kusema. Kuna mausia, dua, kutaja waliochangia, kumshukuru aliyetoka mbali. Mziki ukikatika kidogo, watu wanacheka na kuendelea. Maneno ya bibi yakikatika, hayasemwi tena.

Basi ununue nini?

Spika ndogo ya kushika mkononi inafaa watu kumi waliokaa karibu, isizidi hapo. Sabufa ya sebuleni ni nzuri nyumbani, ila umeme ukikatika nayo imenyamaza, na nyingi hazina pa kuchomeka maiki. Kwa watu thelathini hadi sitini, spika ya magurudumu bado ni chaguo la haki: inapakiwa kwenye boda, ina betri, ina maiki. Siikatai, nakataa namna tunavyoichagua.

Ukienda dukani, fanya hivi. Soma betri na uzidishe volti kwa ampea-saa. Omba itolewe nje, barazani au barabarani. Usiweke wimbo, mpe mwenzako maiki asome habari yoyote, wewe rudi nyuma hatua ishirini. Ukiyapata maneno yote, endelea na bei. Usipoyapata, taa zisikushawishi.

Kama unayo tayari, usinunue nyingine. Ipandishe juu ya meza ifike usawa wa kichwa. Punguza besi mtu anaposema. Anayesema asimame nyuma ya spika, vinginevyo itapiga mluzi. Na usiiweke pembeni kabisa, isogeze karibu na watu wakae wameizunguka, kama wanavyoizunguka sindimba. Mtu wa mita 16 akiwa wa mita 8, umempa desibeli 6 bure. Kuzipata dukani kungekugharimu nguvu mara nne.

Mjomba bado anaipenda spika yake. Safari iliyopita nikaipandisha juu ya kinu kilichopinduliwa, nikapunguza besi. Bibi akasema maneno machache tu, kuulizia nani hajala. Mkeka wa mwisho wakajibu.