Buganda Imechelewa Kufika

Civilization IV ya 2005 ilituletea Baba Yetu, wimbo wa Kiswahili pale kwenye menyu. Civilization VII, iliyotoka Februari 2025, ikatuletea Buganda yenyewe. Sisi wa Lwakhakha, Uganda ikiwa ng'ambo tu ya daraja, tungekosaje hamu?

Lakini jinsi gemu ilivyotoka, Buganda huipati hadi enzi ya mwisho. Enzi ni tatu, na kila moja ikiisha unavua taifa lako unavaa jingine. Unaanza ukiwa Aksum, pengine unapitia Songhai, halafu ghafla wewe ni Muganda. Miji ni ileile, ila ile Buganda hukuilea. Umekabidhiwa tu, kama sare.

Wachezaji wamelalamikia hilo sana kule Steam, na pia menyu zisizosomeka. Menyu zinarekebishika, bana.

Watetezi wanasema historia ndivyo ilivyo, tabaka juu ya tabaka. Sawa. Lakini mwaka 1902 Waingereza walihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukawa upande wa Kenya. Serikali ilibadilika, Mbukusu akabaki Mbukusu, na ndugu yake Mmasaaba ng'ambo ya mto bado anatahiri vijana mwaka uleule wa shufwa. Firaxis wangeliacha taifa livuke enzi na makovu yake, ningekesha nalo.

Kwa sasa nimerudi Civilization VI. Niko na Kongo yangu, ileile, kutoka mji wa kwanza hadi roketi.