Thomas Nagel: tusimbatize kwa nguvu

Baadhi ya ndugu zetu, wakibishana na wale wanaosema kwamba mtu ni nyama na mifupa tu, hupenda kumwita Thomas Nagel awe shahidi wao. «Hata huyu asiyesali, wasema, amekiri kwamba tuna roho isiyokufa!» Tumesoma vitabu vyake, na twaona yatupasa kusema wazi: hakukiri hivyo.

Nagel alizaliwa Belgrade mwaka 1937, akafundisha filosofia miaka mingi katika chuo kikuu huko New York. Mwaka 1974 aliandika makala yenye sifa juu ya popo. Popo huruka gizani bila kugonga ukuta, kwa kuwa hutoa sauti na kusikia mwangwi wake. Mwenye elimu aweza kuipima sauti ile, hata kuupasua ubongo wa popo na kuuchungua wote. Na halafu? Bado hajui popo mwenyewe anasikiaje ndani yake, akiwa popo. (Msomaji awatazame jioni wale wanaotoka chini ya paa la kanisa, ajiulize.) Liko jambo la ndani ambalo vipimo vya nje havilifikii. Ndio ufahamu. Nagel hasemi kwamba unaweza kuishi bila mwili, wala kwamba utabaki baada ya kifo. Asema tu kwamba elimu ya viumbe, kwa njia zake za leo, haijaueleza.

Katika Mind and Cosmos, kitabu cha mwaka 2012, aliendelea mbele: kama udongo umezaa ufahamu, na akili inayotambua kweli na wema, basi bahati na nguvu za vitu hazitoshi kuwa sababu. Huenda ulimwengu wenyewe unaelekea huko tangu asili. Wataalamu wengi walimkemea, wakisema hakuchungua vya kutosha elimu ya viumbe. Lawama hiyo si ya kudharauliwa. Na ndugu zetu wakapiga makofi! Kumbe Nagel anafikiri juu ya mwelekeo usio na mwenye kuelekeza. Amelitoa wazo hilo kwa Aristoteli, mwalimu wetu pia, na mwenyewe akiri kwamba hana hakika kama linasimama. Mtakatifu Toma alisema kwamba kitu kisicho na akili hakiendi kwenye shabaha yake bila mwenye akili kukielekeza, kama mshale na mpiga upinde. Hapo ndipo tunapoachana na Nagel, wala si kwa popo.

Wengine wamkosea kwa upande mwingine. Mwaka 1997, katika The Last Word, aliungama kwamba si haamini tu, bali anatumaini Mungu asiweko, na kwamba hofu ya namna hiyo huwasukuma wataalamu wengi kufikiri vibaya. Basi watu hucheka: «Anaogopa tu!» Lakini maneno hayo aliyaandika ili kujishitaki mwenyewe pamoja na wenzake. Ni wangapi kati yetu wanaoungama hadharani namna hiyo? Tena mwaka 2010 alitoa kitabu ambamo aliliheshimu swali la dini, yaani namna gani mtu aishi kwa kupatana na ulimwengu wote, ingawa jibu letu hakulipokea.

Eklezya haikubali kumbatiza mtu mzima asiyetaka. Yeyote atakayemtaja Nagel katika mabishano ya darasani, aanze na ule mshale.