Siku ya Kwanza ya Sinema

Wasomaji wetu wa Usukuma hawana haja ya kufundishwa habari ya kukimbilia tamasha. Mavuno yakiisha, Bagika na Bagalu hutoka uwanjani, kila upande na manju wake na dawa zake za kuvuta watu, wakacheza kwa wakati mmoja. Hapana mwamuzi aketiye mezani kuandika alama. Mshindi ni yule aliyekusanya watu wengi. Basi mtazamaji husimama huku, akisikia vigelegele kule hukimbia, na miguu yake ndiyo kura yake.

Sinema kubwa za ulimwengu hushindana vivyo hivyo. Picha mpya ikitolewa, fedha za siku tatu za kwanza huhesabiwa na kutangazwa, kama vichwa vya watu uwanjani. Filamu ya "Black Panther", iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilipata zaidi ya dola milioni 200 katika siku tatu za kwanza huko Marekani na Kanada, mwezi wa Februari 2018. Twauliza, je, umati wa siku ya kwanza ni mwamuzi mwema? Twataka kujibu kwa kupima filamu mbili, ambazo zote mbili zimeligusa ziwa letu.

Desturi ya picha ni kutufikia mwisho. Huanza Los Angeles na London, ikaja Nairobi na Dar es Salaam, kisha baada ya majuma mengi hufika katika vibanda vya video vya Mwanza na visiwani. Hapo ndugu zetu wa mjini wamekwisha kutusimulia nani atakufa na nani ataoa. Twala ukoko, nasi twaambiwa tushukuru kwamba ni wali.

Lakini Jumanne tarehe 13 Februari 2018, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, mambo yaligeuka. "Black Panther" ilionyeshwa Kisumu, pwani ya ziwa hili hili, siku tatu kabla milango haijafunguliwa kwa watu wote wa Marekani tarehe 16. Sababu yake yajulikana. Lupita Nyong'o, mmoja wa wachezaji wakuu, ni binti wa nchi ile, na babaye, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wa Kisumu. Hivyo watu wa ziwani waliketi kumtazama binti yao kabla wageni hawajawaambia wamwoneje. Hiyo ndiyo furaha ya siku ya kwanza. Si ya picha peke yake. Ni furaha ya kutotanguliwa, na ya kucheka pamoja na jirani kwa jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelijua.

Sisi hatukuwako. Tuliiona baadaye, katika kibanda, juu ya benchi lisilo na mgongo, na mfasiri akiyageuza maneno kwa Kiswahili. Mfalme T'Challa alimwita mtemi, na watu wakaelewa mara moja. Tuliporudi kuitazama mara ya pili, bila kelele, tuliona mengine.

Uzuri wake ni mwingi. Mavazi yaliyobuniwa na Ruth Carter, ambaye alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, yametungwa kwa kuangalia mavazi ya makabila mengi ya Afrika, wala hayafanyi Mwafrika kuwa kichekesho. Wachezaji hutumia Kixhosa mahali pengi bila kuona haya. Majemadari ni wanawake, nao hutii na kukataa kwa akili zao wenyewe. Tena adui wa hadithi, Killmonger, si mwovu mtupu. Ni mtoto wa ukoo aliyeachwa yatima ugenini na jamaa zake wenye mali. Swali lake ni la haki: ninyi mliojaliwa utajiri, mlikuwa wapi tulipoonewa? Nakia, achezwaye na Lupita, auliza swali hilo hilo kwa upole. Kwa hilo filamu yastahili sifa.

Kasoro yake twaiona penye maporomoko ya maji, pale wawili wapigania ufalme. Raia wamesimama juu ya miamba wakiimba na kushangilia, na atakayeshinda ndiye atakayewatawala, awe mwema au katili. Hapana aulizaye mkulima wala mvuvi wa Wakanda anataka nini. Nchi yenye elimu iliyopita zote yachagua mkuu wake kwa mieleka! Umati wa siku ya kwanza, uliokuwa ukishangilia vile vile, si rahisi kuliona hilo. Wazee walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi twaongeza kwamba mnywaji aliyekwisha kulewa sifa hayaonji maji hayo.

Sasa tuitazame filamu ya pili, ambayo ni yetu zaidi, na siku yake ya kwanza haikuwa yetu hata kidogo. "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, ilipigwa hapa Mwanza. Yaeleza habari za sangara, samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na jinsi minofu yake inavyosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, huku mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakianikwa na kukaangwa kwa ajili ya wenyeji. Ilionyeshwa kwanza Venice, Italia, mwaka 2004, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizoshindania Oscar. Watu wa Ulaya walitujua kwa picha hiyo kabla sisi hatujajua tumepigwa picha gani.

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea, na pakawa na maandamano Mwanza. Katika hao walioandamana, ni wangapi waliokuwa wameiona kwa macho yao? Na huko Ulaya, katika hao waliotuhurumia, ni wangapi waliofika Kirumba au Igombe? Pande zote mbili zilihukumu kwa kusimuliwa.

Hukumu yetu ni hii. Filamu hiyo ina jicho kali na huruma ya kweli. Mlinzi wa usiku, watoto wa barabarani na mwanamke wa mapanki hawasahauliki. Lakini yadokeza kwamba ndege huja na silaha, wala haionyeshi hata sanduku moja; rubani asimulia tu vifaru alivyopeleka Angola. Tena yachagua giza na kuacha mchana. Nahodha anayesomesha wanawe kwa sangara hana nafasi humo. Kama ingaliwekwa kwanza mbele ya watu wa Mwanza, pangalitokea wa kusema, "Hili ni kweli, nasi twaona haya," na wa kusema, "Hili si kweli, nionyeshe." Mtungaji angalipata wahakiki wanaoijua habari yenyewe.

Basi hatumlaumu kijana auzaye kuku wake ili aione picha siku ya kwanza. Ana haki ya kuona kabla ya kusimuliwa, kama Tomaso alivyotaka kuziona alama mwenyewe. Ila twamsihi arudi mara ya pili, kelele zikiisha, apime. Siku ya kwanza ni ya moyo, siku ya pili ni ya akili, na hukumu yataka zote mbili. Nao watungaji wajao kwetu na vyombo vyao twawaambia hivi: mkichukua sura zetu, leteni picha hapa kwanza. Uwanja tunao, na watu watakuja mbio.