Kijitabu na Gari la Njano

Kila alfajiri, hapa Bunda, gari la njano hupiga honi nje ya ua wangu. Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kiume, hupanda akiwa amevaa tai na soksi ndefu. Binamu yake, mtoto wa binti yangu, ambaye hulala naye chumba kimoja, huchukua ufagio wake na kwenda kwa miguu hadi shule ya serikali. Anayelipa ada ya yule wa kwanza ni mimi. Pensheni ya mwalimu mstaafu haitoshi wawili, nami nilichagua.

Kwa miaka mingi nilifundisha watoto wa watu maudhui ya "Elimu ya Kujitegemea". Basi juzi nilipokifungua tena kijitabu hicho, nilikisoma kama mshtakiwa asomaye hati ya mashtaka.

Mwalimu Nyerere alikitoa Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha. Hoja yake i wazi: shule tulizorithi kwa mkoloni zilikuwa chujio. Zilitayarisha wachache kwa kazi za ofisini, zikawaacha walio wengi wajione wameshindwa, na zikamfundisha mtoto kuwadharau wazazi wake wakulima. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, TANU ilikutana hapa jirani, Musoma, ikaamua kwamba ifikapo 1977 elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na kwamba vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu.

Nguvu ya kijitabu ni kwamba mwandishi aliyasema aliyoyapitia. Mtoto huyu wa chifu wa Butiama aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha Tabora, shule waliyoikusudia Waingereza kwa watoto wa machifu, kisha Makerere na Edinburgh. Chujio alilijua kwa sababu alipita ndani yake.

Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba mlango wa upendeleo ni mmoja, na kwamba ufunguo wake utabaki mikononi mwa serikali. Sera ya elimu ya 1995 ilipozipanulia njia shule za binafsi, na nchi ilipojifungua kwa soko la dunia, mlango ulihama. Leo mwenye uwezo Dar es Salaam aweza kumsomesha mwanawe kwa mitihani ya Cambridge bila kupitia Baraza letu la Mitihani, kisha akampeleka chuo cha Uingereza au Canada. Sisi wa Bunda twanunua kivuli cha mambo hayo: tai, gari na Kiingereza.

Lakini tusiseme kwamba mzazi anayelipa ni limbukeni tu. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne, jambo jema kabisa. Hata hivyo, mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kwake chujio liko palepale, ila limebadilishwa jina. Hilo ndilo ninalolikimbia, na ninalikimbia kwa miguu ya mjukuu mmoja.

Jioni moja yule mwingine aliniuliza, "Babu, mimi nilikosa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpa kijitabu. Kimeandikwa kwa Kiswahili, naye hukisoma vizuri kuliko mwenzake.