Neno "Kupaka" na Karatasi ya Vyakula

Ukingoni mwa bahari, hapa Lamu, ipo nyumba ya chakula ambayo jina lake sitalitaja, kwani nimekula chumvi yao miaka mingi. Babu aliianza kwa jiko moja la makaa. Leo wajukuu ndio wapokeao wageni, na bibi yao angali anakuna nazi.

Ukiketi hapo jioni, mashua zikirejea, agiza samaki wa kupaka. Huo ndio ubeti wao bora. Tewa hupasuliwa, hutiwa chumvi, thomu na ndimu, huchomwa hadi karibu na kuiva. Kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, hugeuzwa, hupakwa tena, mpaka tui limshike. Asiye na subira hukuletea samaki aliyemwagiwa mchuzi, nacho ni chakula kingine. Hapa wana subira. Wali wa nazi, kwa upande wake, haukunipendeza: tui lilikuwa jepesi na punje zimegandana. Niliwaambia.

Lakini dosari kubwa haikuwa sahanini. Ilikuwa karatasini. Kijana wa nyumba ameandika orodha mpya ya vyakula kwa Kiingereza pekee, kwa ajili ya wageni wauzuruo mji huu uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Samaki wa kupaka amegeuzwa samaki wa kuchoma kwa mchuzi wa nazi. Akaniomba, kwa kuwa ni mfasiri, nimsahihishie. Kosa la sarufi sikuliona. Niliona kwamba kupaka kumetoweka, na ndani ya neno hilo ndimo yalimo maagizo ya upishi wenyewe. Mpishi wa kesho akijifunza kwa karatasi ile, atachoma, kisha atamwaga.

Washairi wetu walijua uzito wa maneno ya mlo. Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu, katika utenzi wake wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913, anasimulia hila ya kumuua shujaa katika kikoa cha makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ifikapo, apigwe mishale. Liyongo hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale yake. Kikoa ni ahadi, kwani walao kwa zamu wameaminiana. Mfasiri akikiita karamu tu, hila itabaki, lakini usaliti utapotea.

Nilimrudishia kijana karatasi yake kwa ombi moja: jina la Kiswahili litangulie, maelezo ya Kiingereza yafuate.

"Mwalimu, wageni hawatalijua," akasema.

"Watakuuliza, mwanangu. Na ili uweze kuwajibu, itakubidi uingie jikoni kwa bibi yako."

Alicheka, hakuahidi. Juma lililofuata nilikwenda tena. Wali ulikuwa umechambuka vizuri, tui limekolea. Karatasi ilikuwa ile ile.