Nakala, Rudufu na Marudio

Majedwali ambayo nyuga zake hutengwa kwa koma yamekuwa chombo cha kila siku katika ofisi na shule zetu. Kazi mojawapo ifanywayo juu yake ni kuondoa rekodi zilizoandikwa zaidi ya mara moja. Skripti fupi yatosha kwa kazi hiyo. Bali istilahi zinazoieleza kwa Kiswahili, kwa maoni yetu, bado hazijatengenea.

Tuchukue sentensi ya aina hii: “Futa nakala rudufu kwa kutumia hati.” Kasoro ya kwanza ni *nakala rudufu*. Fungu hili hutumika pia kwa nakala iwekwayo akiba ili data zikipotea zirejeshwe. Karani atakayeitii sentensi hiyo aweza kuifuta akiba yake na kuliacha jedwali na makosa yake. Haifai istilahi moja itaje kitu cha kulindwa na kitu cha kuondolewa. Aidha, nakala huwa na asili yake, ilhali katika rekodi mbili zilizo sawa hakuna iliyo asili ya mwenziwe. Twapendekeza *marudio*, na *kuondoa marudio*. *Nakala rudufu* ibaki kwa akiba.

Kasoro ya pili ni *hati*. Jedwali lenyewe ni hati. Tukisema “hati huondoa marudio katika hati”, msomaji hajui ipi hutenda na ipi hutendwa. *Skripti*, ingawa ni neno la kukopa, halina utata huo.

Kasoro ya tatu imo katika maelezo. Amri ya *uniq* ya mfumo wa Unix huelezwa kuwa huondoa mistari inayojirudia. Kwa hakika huondoa ile inayojirudia kwa kufuatana tu; ndiyo sababu mistari hupangwa kwanza kwa amri ya *sort*. Mfasiri akiliacha neno “kufuatana”, mwalimu atafundisha yasiyo kweli pasipo kukusudia. Vivyo hivyo, *koma* na *kitenganishi* si kitu kimoja. Mwongozo wa RFC 4180 wa mwaka 2005 waruhusu koma ndani ya uga, mradi uga huo ufungwe kwa alama za mtajo. Koma ni alama. Kitenganishi ni kazi yake.

Hatimaye, yafaa itofautishwe baina ya *marudio ya mstari*, yaani mstari mzima kuwa sawa na mwingine, na *marudio ya ufunguo*, yaani uga mmoja uliochaguliwa kuwa sawa. Katika orodha ya darasa wanaweza kuwamo akina Asha Juma wawili. Skripti iliyopewa jina kuwa ufunguo itambakiza mmoja, na wala haitatoa onyo. Kwa hiyo mfasiri aandikaye “marudio” bila kusema ya nini hajamaliza kazi yake.